Saa Tatu Zilizojificha Ndani ya Laptopu

Mwadhini wa mtaani kwetu alipoanza kuadhini, nilitupa jicho kwenye kona ya kioo cha laptopu nikaona 12:42. Saa sita na dakika arobaini na mbili. Nilijisemea kwamba hiyo ni Adhuhuri, imechelewa kidogo kwa sababu ya mvua, nikarudi kwenye aya niliyokuwa nikiitafsiri. Kazi ilitakiwa imfikie mteja saa kumi kamili alasiri. Kwa hesabu yangu nilikuwa na zaidi ya saa tatu, na kurasa zilizobaki zilikuwa nne.

Ilikuwa Mei 2025, masika ya Dar es Salaam bado hayajaamua kuondoka. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, simu imezimika, na kifaa cha intaneti kimelala kando ya televisheni. Nilikuwa nimekesha na kazi hiyo, nikalala baada ya Alfajiri, nikaamka ndani ya mchana wenye giza ambao haukuwa na dalili yoyote ya saa. Laptopu yangu ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje, kwa hiyo ndicho kitu pekee nyumbani kilichokuwa bado kinanieleza wakati.

Mlango ukafunguliwa. Mwanangu aliingia akiwa na sare ya shule, viatu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umerudi mapema hivi?"

"Si mapema, baba. Si umesikia ya Alasiri imeadhiniwa sasa hivi?"

Haikuwa Adhuhuri.

## Kilichotokea

Waliowahi kuweka mifumo endeshi miwili kwenye mashine moja, kama nilivyofanya mimi kwa Linux na Windows, wameshacheka. Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Linux huiandika saa hiyo kwa saa za ulimwengu (UTC), kisha huongeza tofauti ya mahali ulipo. Windows huiandika kwa saa za mahali ulipo moja kwa moja. Kila mmoja ana mantiki yake na hakuna anayedanganya. Lakini ukitoka katika mfumo mmoja ukaingia katika mwingine, na hakuna intaneti ya kuwasuluhisha, unapata kosa lenye ukubwa sawasawa na umbali wako kutoka saa za ulimwengu. Mtu wa Accra anaweza kuishi na mifumo miwili maisha yake yote asilijue tatizo hili, kwa kuwa saa za Ghana hazipishani na saa za ulimwengu hata kwa dakika moja. Kwetu Afrika Mashariki ni saa tatu.

Na saa tatu ni kosa baya kuliko yote. Lingekuwa la saa sita ningelitambua papo hapo, maana sisi tunaosoma 12:42 na kutamka "saa sita" tumezoea kuvuka pengo hilo kila siku na tunajua linavyofanana. Saa tatu ndiyo nafasi iliyopo, kwa kukadiria, kati ya Adhuhuri na Alasiri. Laptopu ilinidanganya, na adhana, bila kosa lolote la mwadhini, ikauthibitisha uongo huo.

Nilipopata mtandao kwa simu ya jirani ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Mteja hakunigombeza. Alinijibu kwa adabu kwamba amepokea, ila sehemu ile alikuwa ameshamkabidhi mtu mwingine.

## Kilichonikera si saa

Saa ile nilikuwa nimeshaitengeneza mara mbili. Ni amri moja tu ya mstari mmoja, inayoielekeza Linux ikubali desturi ya mwenzake. Januari nilisakinisha upya upande wa Linux, nikasahau kuirudia. Kwa hiyo jioni ile niliandika ule mstari kwa mara ya tatu, saa ikanyooka, na kwa kawaida yangu jambo lingeishia hapo.

Halikuishia hapo. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisimama jikoni nikisubiri chai ichemke, nikajikuta najiuliza swali ambalo halikuhusu saa hata kidogo: kwa nini niliuhifadhi ule upande wa pili, wa Windows?

Jibu nililokuwa nalo tayari lilikuwa "kwa usalama." Nililitoa kwa kila aliyeniuliza, tangu 2019 nilipoinunua ThinkPad T450 hii Kariakoo, ikiwa mtumba uliopitia Dubai. Muuzaji aliniwekea Windows 10. Nililipa pesa ya kuwekewa na kuhusu leseni sikuuliza, naye hakusema. Mimi nikaongeza Linux pembeni. Diski ya gigabaiti 240 nikaigawa karibu nusu kwa nusu, kama shamba la urithi.

Linux haikuwa ngeni kwangu. Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi, niliagiza diski ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, zile zilizokuwa zikitumwa bure duniani kote, ikanifikia kwenye sanduku la posta. Nilivutiwa kwanza na jina. Neno hilo la Wanguni wa kusini mwa Afrika ni lile lile letu la "utu", limevaa kiambishi kingine tu. Nililionesha darasani kama mfano wa lugha za Kibantu kabla hata sijaiingiza diski kwenye kompyuta.

## Daftari

Ili nipate jibu la kweli nilifungua daftari la mwanangu lililokuwa limebaki kurasa chache. Kila nilipoiwasha upya laptopu ili niingie Windows, niliandika tarehe na sababu. Nilifanya hivyo kwa wiki sita.

Nilitegemea kuona kama mara thelathini. Zilikuwa kumi na moja.

Mara nne niliingia kwa ajili ya kusakinisha masasisho ya mfumo wenyewe, kisha nikatoka bila kufanya kazi yoyote. Mara tatu niliingia kwa bahati mbaya, kwa sababu nilichelewa kubonyeza kitufe pale menyu ya kuchagua ilipojitokeza. Mara mbili ilikuwa kazi ya mteja mmoja mwenye faili zake za pekee. Mara moja ilikuwa fomu ya lahajedwali yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ambayo hukataa kufunguka vizuri penginepo. Mara moja ilikuwa mchezo wa mwanangu wa magari.

Zile mara nne zilinikalia moyoni zaidi ya nyingine zote. Nilikuwa nafungua chumba ili nikifagie, nakifunga, kisha nakirudia mwezi unaofuata kukifagia tena, na hakuna mgeni aliyewahi kulala humo. Na chumba chenyewe kilikuwa nusu ya nyumba. Upande wa Linux ulikuwa umebakiwa na gigabaiti tisa. Nilikuwa nafuta picha za harusi ya dada yangu ili nipate nafasi ya kazi, ilhali ng'ambo ya ukuta kuna nafasi tupu kubwa kuliko hiyo mara saba.

Ningeweza kuitumia nafasi hiyo kutoka upande wa Linux? Kwa nadharia, ndiyo. Lakini Windows 10, isipozuiwa, haizimiki kabisa unapoizima. Sehemu yake husinzia ili iamke haraka kesho. Linux ikikuta kizigeu, yaani sehemu ya diski, kilichosinzia hivyo, kwa tahadhari hukifungua kwa kusoma tu. Unaliona faili lako, unalifungua, unalirekebisha, na unapotaka kulihifadhi unaambiwa huna ruhusa. Kuzuia usinzio huo ni rahisi, na mimi niliuzuia. Ninachosema ni kwamba kila ukuta ulikuwa na mlango wake, na mimi nilikuwa nimegeuka mtunza funguo.

## Mbachao

Nilimwendea mzee aliyenifundisha ufasiri, ambaye hutumia kompyuta kama mtu anayetumia pasi ya mkaa, kwa heshima na kwa mbali. Nilimweleza kwamba nataka kuufuta mfumo mmoja.

"Mwanangu," alisema, "usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilinyamaza, kwa sababu mzee akishatoa methali hiyo kikao huwa kimefungwa. Lakini kwenye daladala nikaanza kuipekua. Mbachao ni kipande cha mkeka kilichochakaa, na msala upitao ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, unaouona ukipita. Sawa. Katika laptopu yangu, upi ndio mbachao? Mzee alidhani ni Windows, kwa kuwa ndiyo ambayo kila mtu anayo. Lakini kipande changu kilichochakaa, kile chenye alama za magoti yangu, kilikuwa ni kile cha 2007. Na uliokuwa ukipita ulikuwa huo mwingine, tena kwa tarehe iliyotangazwa: masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 yalipangwa kukoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Fundi wangu wa Kariakoo alinithibitishia hilo bila falsafa. Aliigeuza laptopu, akasoma kibandiko, akaniambia, "Kaka, hii haipandi kumi na moja." Prosesa yake ni ya Intel kizazi cha tano, na Windows 11 kwa kawaida inataka kuanzia kizazi cha nane. Akaongeza kwamba ipo njia ya uchochoroni ya kuilazimisha, akitaka nitamke tu. Sikutamka. Sina ubishi na wanaopita uchochoroni, ila nilikuwa nimechoka na mashine inayohitaji kubembelezwa.

## Barua ya mistari mitano

Hata hivyo sikufuta. Nilikaa wiki mbili nyingine, kwa sababu ya yule mteja mwenye faili zake.

Watu wa kazi yetu wanajua hali hii. Kuna programu za kutunza kumbukumbu za tafsiri, na kampuni kubwa za ufasiri zina zao wanazozipenda, ambazo mara nyingi hufanya kazi kwenye Windows pekee. Mteja hukutumia kifurushi kilichofungwa na programu hiyo, nawe hukirudisha kimefungwa vivyo hivyo. Kwa upande wangu nilikuwa nikitumia OmegaT kwa kazi zangu nyingine zote. Ni programu huria inayofanya kazi popote, sura yake haina mvuto, na imenilisha kwa miaka. Lakini kwa mteja huyo nilikuwa nikivuka ng'ambo, na kila nilipofikiria kufuta, jina lake ndilo lililosimama mlangoni.

Nilifikiria kuiweka Windows ndani ya mashine pepe, iwe dirisha ndani ya Linux. Kwa kumbukumbu ya gigabaiti 8 ingekokota, lakini ingewezekana. Nikatambua kwamba ningekuwa nimekihamisha chumba kile kile kutoka ndani ya nyumba kwenda kibandani uani, na bado ningekifagia kila mwezi.

Usiku mmoja nikaandika barua pepe ya mistari mitano. Niliuliza kama naweza kupokea na kurudisha kazi katika XLIFF, ambalo ni umbizo la wazi la kubadilishana tafsiri, na ambalo programu zote mbili hulielewa.

Jibu lilikuja asubuhi: hakuna shida, wafasiri wengine kadhaa hufanya hivyo.

Miaka minne. Nilikuwa nimeilinda nusu ya diski kwa miaka minne dhidi ya swali ambalo sikuwahi kuliuliza. Nilifurahi, kisha nikaona aibu, na aibu ndiyo iliyodumu.

Kuhusu nyaraka za Word, ambazo kila mtu hunitahadharisha nazo, nilizipima kabla ya kuamini. Nilichukua faili arobaini za zamani nikazifungua kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi. Thelathini na nane zilikaa vizuri, hasa baada ya kuweka fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri na Cambria, hivyo mistari haikatiki mahali papya. Mbili zilivurugika, zote zikiwa na majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali. Aliyeyatengeneza majedwali hayo ni mimi.

Ile fomu yenye makro haikupata suluhisho. Naipeleka steshenari, najaza pale kwa shilingi elfu mbili, na mara nyingine nangoja foleni ya watoto wanaochapisha kazi za shule. Anayewaambia kwamba kuhama hakumgharimu kitu hajawahi kujaza fomu hiyo.

## Kuhusu Kiswahili cha menyu

Ningependa kudai kwamba nilihama kwa ajili ya lugha. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilizungumza Kiswahili, na kwa mtu wa istilahi kama mimi hilo lilikuwa tukio. Watu walikaa wakajadili folda iitwe nini, kipanya kiitwe nini, na leo wapo tunaoiita folda "kabrasha".

Lakini kampuni za kibiashara nazo zilitoa menyu za Kiswahili baadaye, na nilipoubadilisha mfumo wangu wa sasa uwe wa Kiswahili nilikuta nusu yake bado ni Kiingereza, na baadhi ya tafsiri zilizopo zilinifanya nikune kichwa. Kwa hiyo lugha peke yake haitoshi kuwa hoja. Tofauti iko mahali pengine. Neno baya nililolikuta katika LibreOffice niliweza kwenda Weblate, mahali ambapo tafsiri zake hufanyiwa kazi hadharani, nikapendekeza jingine. Huku kwingine neno baya nililivumilia tangu 2019, na sikujua hata mlango wa kubisha.

## Jibu la awali ni Hapana

Nilichagua Jumamosi ya mwisho ya Julai, nikachagua Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Sababu moja ni kwamba toleo hilo la 2023 ndilo la kwanza ambalo diski yake rasmi ya usakinishaji inabeba zile programu ndogo zisizo huria zinazohitajika na vifaa kama Wi-Fi. Waumini wa programu huria waliligombania jambo hilo hadi wakalipigia kura. Mimi nilitaka Wi-Fi.

Nilinakili mafaili yangu mara mbili, kwenye diski ya nje na kwenye laptopu ya shemeji. Niliamua kuanza upya kabisa badala ya kubomoa ukuta tu, ili diski nzima isimbwe kwa nenosiri. Nyaraka za wateja wangu nyingine ni za hospitali na nyingine za mahakama. Kwa miaka sita zilikuwa zikitembea nami kwenye daladala bila kufuli. Hilo pia linanitia aibu, lakini tuendelee.

Kisakinishi cha Debian kikishajua unachotaka, kabla ya kugusa chochote, hukuonesha orodha ya vizigeu vitakavyofutwa kisha hukuuliza kama uandike mabadiliko kwenye diski. Jibu lililokwisha kuchaguliwa ni Hapana. Ukibonyeza kwa mazoea, hakitokei kitu. Ni lazima uhamie mwenyewe kwenye Ndiyo.

Nilikaa mbele ya lile swali kwa muda ambao sikuupima. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Magari yangu yataondoka, baba?"

"Yataondoka."

Alifikiri. "Basi nitacheza kwa Hamisi."

Nikahamia Ndiyo.

## Nilichopoteza

Siku ya tatu nilitafuta faharasa yangu ya istilahi za afya, sikuiona. Nilikuwa nimenakili nyaraka, picha, barua, hata maelekezo ya printa. Faharasa ile haikuwa miongoni mwa nyaraka. Programu ya tafsiri iliyokuwa upande wa Windows ilikuwa ikiihifadhi ndani ya kabrasha lililofichwa, na katika miaka yote ile sikuwahi kuuliza imekaa wapi. Nilipoihitaji ilifunguka, basi.

Nilipata nakala ya 2022 niliyokuwa nimemtumia mwenzangu kwa barua pepe. Kila kilichoongezwa baada ya hapo, ambacho nakadiria ni maneno mia nne, kimekwenda. Kati ya hayo yalikuwemo maneno ya saratani niliyoyapata kwa kukaa na muuguzi mmoja alasiri tatu mfululizo, nikimuuliza wagonjwa wenyewe husemaje.

Kosa ni langu, na silihamishii kwa mtu. Lakini faharasa ninayoijenga sasa ni faili la maandishi matupu: neno, nafasi ya tabo, tafsiri, nafasi ya tabo, maelezo. Naweza kulifungua kwa programu yoyote duniani, na naweza kuonesha kwa kidole lilipo. Nimefikisha maneno mia moja na sitini. Muuguzi yule amehamia Dodoma.

## Sekunde tano

Laptopu ni ile ile, betri zile zile zinazochoka. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu Julai, na saa ya kwenye kioo haijapishana na adhana hata mara moja. Ndani kabisa saa ndogo inatembea kwa saa za ulimwengu, na hakuna tena anayeibishia.

Ila nikiiwasha, ile menyu ya kuchagua mfumo bado inatokea. Inaonesha Debian, na chini yake chaguo za kiufundi nisizozigusa, kisha inahesabu sekunde tano kwa kurudi nyuma ikinisubiri niamue. Kuiondoa ni kubadilisha namba moja kwenye faili moja, ninalijua jina lake na ninajua mstari ulipo.

"Inasubiri nini?" mwanangu aliniuliza juzi.

Nilimwambia nitaitoa wikendi. Wikendi mbili zimepita.